Kondoo Alikuwa na Mama

Jumapili, 2 Desemba 1973
Mimi Albertina, mama yake Esperanca aliyekufa mtoni Ruvuma mwaka wa sitini na nne tukimkimbia Mreno. Sikusoma shule. Mwalimu wa kisomo kasema kila mtu aandike kila siku, walau mstari mmoja, mkono usisahau. Haya, mstari huu. Akisoma humu asahihishe herufi tu, maneno yangu ayaache.

Jumatatu, 3 Desemba
Nimepanda mbaazi. Mgongo unauma.

Alhamisi, 6 Desemba
Mvua ya kwanza. Amelia kakinga maji kwenye kila chombo, mpaka kwenye chungu cha dawa yangu ya miguu. Nimempa maneno makali, halafu nimempa muhogo wa kuchoma. Ni mjukuu wangu wa pekee wa kike. Kamaliza darasa la saba.

Jumapili, 9 Desemba
Leo nina la kuandika.
Mkwe wangu Stefano, baba yake Amelia, ndiye katekista wa kigango chetu hapa Madimba. Asubuhi katufundisha habari ya Ibrahimu na mwanawe Isaka: Mungu kamwambia mtoe mwanao, mzee kapanga kuni, kamfunga mtoto, kainua kisu, malaika kazuia, kondoo kaonekana amenaswa kichakani. Nimeisikia mara nyingi. Leo Stefano kaisoma sauti inatetemeka.
Baada ya ibada akaja uani kwangu. Akasimama mbali na kutazama pembeni, maana mkwe na mama mkwe hatutazamani.
"Mama, gari la masista litakuja tarehe nne ya mwezi wa pili. Amelia ataondoka nalo."
"Anakwenda kusoma?"
"Anakwenda kuwa sista. Niliweka nadhiri mtoni. Nilisema, Mungu nivushie mtoto huyu, naye atakuwa wako."
"Miaka tisa hukufungua mdomo?"
"Alikuwa hajafika umri."
Nilikuwa nachambua mchicha. Nikaendelea kuchambua, nikawa natupa majani na kuweka mabua.
Mwalimu, wewe si mtu wa huku, nikueleze. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama. Esperanca ndiye binti pekee niliyezaa. Amelia akikaa kwa masista bila kuzaa, basi mimi, mama yangu, na mama yake mama yangu, wote tumekwisha. Hatutakuwa tumekufa tu. Tutakuwa tumekwisha.
Nikamwambia: "Mkwe, mbegu ulitia, tunashukuru. Lakini mtoto si wako kumtoa. Mwenye sauti ni mjomba wake."
"Ibrahimu hakumuuliza mjomba wa Isaka."
"Ndiyo maana mambo yakaharibika mpaka malaika akaja mbio!"
Hakucheka. Ndani Amelia alikuwa anatwanga muhogo mkavu. Sasa mchi ulikuwa umenyamaza, anasikiliza.

Jumatatu, 10 Desemba
Nimepalilia vibaya. Nimeng'oa mbaazi zangu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Desemba
Amelia ana homa. Stefano kamtazama toka mlangoni, kashikilia mwimo. Kasema, "Mungu mwenyewe anamtaka." Nimemwambia kama hana la maana aende akateke maji. Kaenda.
Lakini neno lake limebaki nyumbani.

Jumapili, 16 Desemba
Homa imeshuka kwa vidonge vya zahanati. Vichungu mpaka kaita jina langu kwa hasira. Nimefurahi. Mgonjwa mwenye hasira anapona.

Jumatano, 26 Desemba
Mwanangu Armando, mjomba mtu, kaja toka Mtawanya kwa Krismasi. Nimemweka kwenye kiti, nimempa paja la kuku, nikamwambia sema.
"Shemeji," Armando kamwambia Stefano, "mtoto wa dada yangu hatolewi bila mimi."
Stefano kajiandaa, kaja na kitabu. "Sara alikuwa dada yake Ibrahimu. Imeandikwa, baba yao mmoja. Basi Ibrahimu alikuwa baba, na mjomba pia. Alikuwa na haki zote mbili."
Nikashtuka. Hilo sikulijua.
"Mama yao mmoja?" Armando kauliza, bado anatafuna.
"Mama mbalimbali."
"Basi si mjomba. Ni mtu tu mwenye kisu."
Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu Armando kaninong'oneza mpango wake: yuko kijana wa ukoo mzuri, fundi baiskeli, anataka mke, atangoja miaka miwili. Nikaona kitukuu kabisa mikononi, kitukuu wa kike. Nikampa mwanangu paja la pili, la Stefano.

Ijumaa, 28 Desemba
Mvua. Ndege za Mreno zimesikika ng'ambo. Kuku wote uvunguni.

Jumamosi, 5 Januari 1974
Shoga yangu Somoe, tunayekaa naye benchi moja kisomoni, kaleta nyama ya Idi ya kuchinja. Nikamwambia, "Nyama hii ndiyo iliyomponya Isaka?"
"Kwetu ni Ismaili, shoga. Na kwetu baba hakumdanganya mtoto."
"Nani kamdanganya?"
"Si Ibrahimu wenu? Mtoto anauliza mwana-kondoo yuko wapi, mzee anazungukazunguka. Ibrahimu wetu alikaa na mwanawe, akamwambia nimeota nakuchinja, waonaje? Mtoto akajibu, baba, fanya ulivyoamriwa. Aliulizwa kwanza."
"Na mama yake aliulizwa?"
Somoe kafikiri. "Wazee wanasimulia Shetani ndiye aliyemwendea mama kumwambia. Akampiga mawe."
"Kwa hiyo katika nyumba ile yote, aliyemweleza mama mambo yalivyo alikuwa Shetani peke yake?"
"Albertina! Astaghafirullah, kula nyama unyamaze."
Nikala. Ilikuwa laini. Lakini lile la kuulizwa limenikaa kooni. Mimi pia sijamuuliza Amelia. Nitamuuliza nini? Mtoto hajui.

Jumapili, 13 Januari
Padri kafika na pikipiki, tope mpaka kwenye ndevu. Nimemkamata kabla hajanywa chai. Nimemuuliza kwa nini Mungu alitaka jambo lile.
Kasema zamani zile watu walikuwa wakichinja watoto kweli, Mungu akataka kuwaonyesha kwamba Yeye hataki.
"Angewaambia tu."
"Bibi, wewe ukiambiwa tu, unasikia?"
Hapo kanipata. Kasema wengine husema ilikuwa kupima imani, na wengine husema mzee mwenyewe alijua muda wote kwamba hatamchinja. Kasema yeye akiisoma huwa anaogopa. Nimempenda kwa hilo.
Halafu nikamuuliza la nyumbani, Stefano yupo anasikia. Padri kasema wazi: nadhiri ya baba haimfungi mtoto. Usista mtu anauomba mwenyewe.
Nikamgeukia mkwe nikidhani atapumua. Hapana. Kasema polepole, "Padri hakuwepo mtoni," akaondoka kwenye mvua bila kofia.
Mtu akifunguliwa kamba hukimbia. Huyu kafunguliwa na bado kasimama palepale. Kuna kitu hajakisema.

Jumatatu, 14 Januari
Mvua.

Jumanne, 15 Januari
Mvua. Ukuta wa jikoni unabomoka. Siku ishirini mpaka gari.

Jumapili, 20 Januari
Homa ya pili. Amelia anatetemeka, kitanda kinalia. Stefano kakaa kizingitini na Biblia. Nikamwambia, "Nisomee inayofuata."
"Inayofuata ipi?"
"Baada ya mlima. Baba na mtoto wamerudi nyumbani, mama kawapokea, kasemaje?"
Kafungua. Kafunga tena. Nikamwambia, soma, nami siku hizi najua herufi, nitachungulia.
Kasoma. Yako majina ya watu nisiowajua, halafu Sara akafa.
"Alikufa kwa nini?"
"Haikuandikwa."
"Haikuhitaji," nikasema.

Jumatano, 23 Januari
Amelia kaamka. Kakonda, shingo kama ya korongo. Kaniuliza, "Bibi, baba ananiogopa?" Nimemwambia ale uji.

Jumapili, 27 Januari
Mwalimu, kurasa hizi usizisahihishe. Usizisome.
Leo sikwenda ibada. Nilishuka bondeni kwenye mpunga. Stefano alipomaliza ibada akaja kunisaidia kupalilia, yeye mstari wake kule, mimi wangu huku, kama kawaida. Mvua ilikuwa nyembamba. Nikasema bila kugeuka, "Mkwe, mtoni kulikuwa na nini?"
Jembe lake likaendelea. Halafu likaacha.
"Mama, nilikwambia mkono wa Esperanca ulinitoka."
"Ulisema uliteleza."
"Haukuteleza. Niliuachia."
Kanieleza, na mimi nayaandika ili yasiwe ndani yangu tu. Mimi na Armando tulikuwa tumevuka siku moja kabla, tunawangoja upande huu. Mtumbwi wao ulipinduka karibu na fungu la mchanga, maji yanamfika Stefano kifuani, yanavuta. Amelia alikuwa shingoni kwake. Mkono wa kulia alimshika mkewe, ambaye miguu ilikuwa haifiki chini. Mtoto akateleza shingoni, kichwa kikazama. Kumshika kulitaka mikono miwili.
"Hapo ndipo niliposema, Mungu, huyu atakuwa wako. Nikafungua vidole. Nilivifungua mimi, mama. Ibrahimu alipewa kondoo. Mimi nilipewa binti yako. Sasa nikimzuia na Amelia, nitakuwa nimemuua mama yake bure."
Nilimgeukia. Kwa mara ya kwanza toka alipomwoa mwanangu nilimtazama usoni, naye akanitazama. Nikamrushia tope. Nikarusha tena. Nilimwita majina ambayo sitayaandika, mengine ya Kimakonde ambayo hata herufi hayana. Hakujikinga.
Nilipoishiwa nikauliza, "Alisema nini?"
"Nani?"
"Mwanangu! Ulipomwachia, alilia? Alikulaani? Alisema nini?"
Akafuta tope machoni.
"Alisema kabla. Mtoto alipozama. Alisema: 'Mtoto!' Basi. Neno hilo moja."
"Na kwa nini hukuniletea neno hilo? Miaka tisa sina neno la mwisho la mwanangu!"
"Ningelisema hilo, ingenibidi niseme na la vidole."
Nikaketi kwenye maji ya mpunga, nguo na kila kitu.

Jumatatu, 28 Januari
Siandiki.

Jumanne, 29 Januari
Somoe kaja, kaketi nami, kachambua mboga zangu zote, kaondoka bila kuuliza. Mungu ampe umri.

Jumatano, 30 Januari
Siku tatu nimemchukia Stefano vizuri, kwa nguvu zangu zote. Leo asubuhi nimemwona anapita na ndoo za maji, anazipeleka kwenye pipa langu, kama alivyofanya kila siku toka tuhamie kijijini. Niliacha kumchukia katikati ya ndoo ya pili. Sikupenda, lakini ndivyo ilivyokuwa.
Nafikiri. Kila mtu katika habari ile anamwangalia baba na mtoto. Padri, Somoe, Armando, wote. Kondoo hakuna anayemuuliza. Kondoo yule alikuwa na mama. Alikuwa mahali fulani kichakani, anaita, anasikia mwanawe anaitika, halafu haitiki. Watu wanashuka mlimani wanaimba, na yeye bado anaita.
Mama huyo ni mimi.

Alhamisi, 31 Januari
Nimefikiri tena, jana sikumaliza.
Esperanca hakunaswa kichakani. Kondoo hakusema neno, yeye alisema. Aliona mtoto anazama, akamwambia mumewe amshike nani. Basi aliyetoa si Stefano. Stefano hana alichotoa, na hana cha kutoa. Aliyetoa ni mwanangu, alijitoa mwenyewe, na alijitoa ili mtoto abaki. Nani sasa atasimama amwambie Mungu kwamba kwa ajili hiyo mtoto lazima aende?
Nikamwita mkwe, nikamwambia hivi hivi. Kasikiliza hadi mwisho, kaketi chini, kalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamwacha alie. Halafu nikamwambia, "Sasa utamweleza Amelia yote, na la vidole. Halafu utamuuliza. Katika Idi ya Somoe mtoto aliulizwa."
"Akinichukia?"
"Atakuwa amejifunza kwa bibi yake."

Jumamosi, 2 Februari
Kamweleza. Barazani, mchana kweupe, mimi nipo. Hakuacha kitu.
Amelia alikuwa anasuka mkeka. Hakuacha kusuka mpaka alipofika kwenye neno la mama yake. Hapo akaacha.
"Alisema mimi?"
"Alisema wewe."
Kuku wakapita.
"Sasa nakuuliza, mwanangu," Stefano kasema. "Gari linakuja. Unataka kwenda kwa masista?"
"Leo ndiyo mnaniuliza? Toka Desemba nasikia ukutani mnanigawa!"
"Leo," kasema baba yake.
"Basi siendi."
Nikafungua mdomo, nikasema Mungu asifiwe, na mjomba wako ana kijana mzuri huko Mtawanya...
"Na huyo pia simtaki!" Kanigeukia mimi, macho ya Esperanca matupu. "Baba ananipeleka kwa Mungu, bibi ananipeleka kwa fundi baiskeli. Wote mmeshanifunga, mnagombania kuni tu!"
"Mjukuu wangu, mimi nataka uzae, ukoo usi..."
"Najua unachotaka. Kila mtu najua anachotaka."
"Na wewe unataka nini?"
"Sijui!" Kalia hapo. "Nina miaka kumi na minne, bibi. Niacheni nisijue kwanza."
Nimeokota mkeka wake, nimeukung'uta vumbi.

Jumapili, 3 Februari
Nimemwandikia Armando. Barua yangu ya kwanza katika maisha yangu, na nimeiandika kwa ajili ya kuvunja posa. "Mwanangu Armando, kijana aambiwe hapana. Usije kunifokea, tope ni jingi. Mama yako."

Jumatatu, 4 Februari
Gari halikuja. Barabara imekatika.

Jumanne, 5 Februari
Halikuja. Stefano anakwenda njia panda, anarudi, anakwenda. Anataka lije aseme neno lake yaishe. Anaogopa likija hataweza kusema.

Alhamisi, 7 Februari
Mvua. Ni kama kungoja matokeo ya mgonjwa.

Jumatatu, 11 Februari
Gari limekuja. Sista mmoja mnene, mwenye miwani, kashuka na kukanyaga dimbwi. Stefano kamwendea. Nilikuwa tayari kusema mimi akishindwa, lakini kasema mwenyewe, mbele ya watu: "Sista, niliahidi kumtoa mtoto asiye wangu kumtoa. Nimemuuliza. Hataki."
Sista kafuta miwani. Kasema, "Asiyetaka mimi simtaki, atanisumbua jikoni." Kamwambia Amelia, siku akitaka mwenyewe, yeye yupo. Kaomba maji ya kunawa miguu, gari likaondoka.
Kumbe ilikuwa fupi hivyo.

Jumanne, 12 Februari
Homa.

Jumatano, 13 Februari
Homa haishuki. Vidonge anatapika. Leo asubuhi kaanza kusema maneno yasiyo na mpango, kaita "mama," na hakuwa ananiita mimi.
Stefano kasimama mlangoni. Hakusema "mwenyewe anamtaka." Hakusema kitu, na ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi, moyoni. Mimi! Niliyemjibu padri, niliyemcheka Ibrahimu. Nikahesabu: gari limetoka juzi, barabara mbovu, halijafika mbali, Stefano ana miguu ya haraka. Nikaona kabisa mdomo wangu unafunguka kumwambia: kimbia, lirudishe, waambie wamchukue, bora aishi kwao.
Sasa namjua yule mzee wa mlimani. Nilikuwa nadhani alikuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa na hofu tu. Mwenye hofu humpa yeyote anayemdai, hata asiyedai.
"Mama?" Stefano kasema. Alikuwa anangoja niseme. Angekimbia.
Nikamwambia: "Mbebe. Twende zahanati."
Kambeba mgongoni, mimi nyuma na kanga nawafunika, tope magotini, njia nzima. Pale mtaro ulipojaa alisimama, maji yanavuta, akashindwa kuingia. Nikapita mbele, nikamshika kiuno mimi mama mkwe wake, watu wanaona, nikamwambia, "Hapa wako watu wawili wa kushika. Ingia." Kaingia.
Kapigwa sindano. Mganga kasema tungoje.

Alhamisi, 14 Februari
Tunangoja. Nimeandika mstari huu kwenye benchi la zahanati ili mkono ufanye kitu.

Ijumaa, 15 Februari
Jasho limemtoka saa tatu asubuhi. Kauliza kama gari limekwenda. Nikasema limekwenda. Kasema, "Nina njaa," akala uji wote, na wa baba yake.

Jumatatu, 18 Februari
Tumerudi nyumbani. Mpunga umejaa magugu.

Jumatano, 20 Februari
Mvua imenyesha toka alfajiri. Amelia kaenda kwa Somoe kusuka nywele. Kila siku nikiamka hofu ya homa huamka nami; leo sikuogopa mpaka saa nne.